Kilo za Kitanda cha Baba

Kibati chenyewe kilikuwa kimepigiliwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kidogo kama sanduku la kiberiti, na hakuna aliyekisoma ila mimi. Kilisema gari hili, likiwa limebeba kila kitu, lisizidi kilo 3,500. Nilikisoma kwa sababu nilikuwa nimejificha hapo. Watu wakija kwenye karakana ya Baba huko Kawangware, mimi hutafuta kitu cha kuangalia ili nisisalimiwe.

Gari lilikuwa basi dogo la mwalimu mstaafu anayekaa Nyayo Highrise. Alilinunua likiwa limechoka, viti vimeng'olewa, akamwambia Baba aligeuze liwe nyumba: kitanda, kabati, jiko la gesi, sinki, tanki la maji. Yeye na mkewe walitaka kuzunguka Kenya, walale popote giza litakapowakuta. Lakini macho yake hayakuwa tena ya barabara ndefu, kwa hiyo dereva angekuwa dada yangu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Dada alikuwa amekaa na leseni muda mrefu bila gari la kuendesha, anauza mboga na shangazi kule Silanga. Kila alikoomba kazi aliulizwa, "Umewahi kuendesha nini?" Sasa amepata mtu wa kumwamini. Mwalimu alimwambia safari ya kwanza ikienda vizuri, kazi ni yake.

Leseni yake ni ya daraja B, ya magari madogo. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namsomea maswali ya mtihani akikaanga mandazi. Mwisho wa daraja B ni kilo hizo hizo 3,500. Ukipita hapo umeingia kwa malori, na leseni ya lori ilitaka umri na uzoefu ambao dada hakuwa nao. Gari likizidi, ama ni kosa la kuzidisha mzigo, ama lisajiliwe upya kama lori. Vyovyote vile, dada anashuka.

Na Baba alikuwa anajenga kwa mahogani.

Baba ni fundi wa vitanda. Anaamini kitanda ndicho heshima ya nyumba, hasa nyumba ya mabati, na kitanda cha heshima hakisogezwi na mtu mmoja. Wateja wake hukipiga teke kidogo waone kama kitatikisika. Hiki cha mwalimu kiliingizwa na wanaume wanne, droo zikafuata, kisha kabati la ukuta la mbao hizo hizo. Walipokiweka chini, gari liliinama nyuma, springi zikalia ngwii. Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikaa na hilo neno kifuani. Darasani kwenyewe nikiulizwa swali najua jibu na bado natikisa kichwa, sasa Baba nitamwambia nini? Mwishowe nilimwambia dada, tukiwa kwenye foleni ya maji kwetu Mashimoni.

"Siz, hilo gari ni zito."

"Gari ni chuma. Ulitaka liwe jepesi kama chapati?"

"Likizidi, leseni yako haifanyi kazi."

Akautazama mtungi wake wa lita ishirini, akautazama wangu. "Na tanki bado halijajazwa," akasema. Lita ishirini ni kilo ishirini, hilo shingo zetu zinajua bila kufundishwa. Tanki la mwalimu lilikuwa la lita mia moja hamsini.

Dada akamwomba mwalimu gari lipimwe kabla ya rangi. Tulilipeleka kwenye yadi moja ya vyuma vikuukuu yenye mizani ya malori. Mimi, Baba, mwalimu na mkewe tulishuka, dada akalipandisha juu ya mizani peke yake, tanki likiwa tupu. Ikasoma 3,240.

"Si mnaona!" Baba akasema kama mtu aliyeshinda kesi. "Imebaki mia mbili na sitini."

"Mzee," mtu wa mizani akasema, "kwani wenye gari wataenda kwa miguu?"

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Sisi wawili tuna kilo ngapi?"

"Taja zako. Mimi sipimwi kama mahindi."

Watu wakacheka tena. Nilikuwa najumlisha kichwani, na kila nikijumlisha inapita: wao wawili, maji, mtungi wa gesi, nguo, unga. Dada alikuwa bado ameshika usukani, anatuangalia kwa dirisha.

"Basi mahogani itoke," mwalimu akasema polepole. "Fundi, weka plaiwudi."

Uso wa Baba ulibadilika. "Plaiwudi? Mwalimu, hiyo ni ya mpangaji. Ni ya mtu anayehama kila mwezi."

"Na hii nyumba, Baba, si itakuwa inahama kila siku?"

Sauti ilikuwa yangu. Nilitamani kuingia chini ya mizani. Mtu wa mizani akapiga mluzi, na mke wa mwalimu akasema, "Kumbe huyu huongea!"

Njia nzima ya kurudi Baba hakuniangalia, na nilijua nimemwaibisha mbele ya wateja. Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta anakifungua kitanda, skrubu moja baada ya nyingine, bila kumwita mtu. Nilisimama mlangoni na yunifomu yangu.

"Shika hapa, mama," akasema. Nikashika. Baadaye akauliza, bado ameinama, "Tulipohama ile mara ya mwisho, tulibeba nini?"

"Godoro, sufuria, na ile meza."

"Mkokoteni mmoja."

"Mmoja, Baba. Na nafasi ikabaki."

Akaguna. Akajenga upya kwa plaiwudi na fremu ya saiprasi nyepesi, na mbao za chini ya godoro akazitoboa matundu ili zipungue uzito. Kila tundu alilitoboa kama anajitoboa mwenyewe.

Mara ya pili gari lilipimwa likiwa na kila kitu: tanki limejaa, gesi, mabegi, mwalimu, na mkewe ameangalia mbele kama yuko kanisani. Ikasoma 3,460.

"Mmepona," mtu wa mizani akasema. Dada akapiga honi, Baba akacheka kidogo. Mimi niliona zile arobaini zilizobaki tu. Kilo arobaini ni nini? Ni mtoto wa shule ya msingi.

Wakasafiri. Siku ya pili simu ikalia nikivua viatu vya shule.

"Siz." Dada alikuwa ananong'ona. "Tuko Nyandarua, tumesimama. Mke wa mwalimu ameona viazi."

Nikakaa chini. Hakuna mtu wa Nairobi anayepita barabara ile akarudi mikono mitupu.

"Ndoo ama gunia?"

"Gunia. Tena lumbesa, lile limejazwa mpaka likashonewa kofia. Wamelishika watu wawili na wanahema."

"Maji mmetumia?"

"Tumejaza sasa hivi."

"Mwambie haiwezekani."

"Mwambie wewe, si wewe ndiye mwenye mdomo siku hizi?"

"Siwezi. Tafadhali, mwambie."

Nikamsikia akivuta pumzi. Hakukata simu. Sauti yake ikatoka kwa mbali, ya adabu: "Mama, samahani sana. Hilo gunia likipanda, mwalimu ashuke."

Nilihesabu kazi imekwisha, dada anarudi Silanga kwa mboga. Kisha sauti ya muuzaji: "Kwani mwalimu ana kilo ngapi?"

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Nunua ndoo, mama. Huyu ndiye dereva wangu. Akisema halipandi, halipandi."

"Haya," mkewe akajibu. "Ndoo basi. Lakini ijaze vizuri mpaka ipite ukingo, ipe mlima."

Simu ikakatika, nikabaki na kiatu kimoja mguuni, nikijiuliza ndoo ya viazi yenye mlima ina kilo ngapi.