Kaka yangu mwanajeshi mstaafu alitundikiwa ketamine kwa ajili ya sonona, Shangazi akamsalimia mzimu. Mpaka leo sielewi nini kilimsaidia

Salaam wakuu,

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, nakula ubuyu wenu na kuondoka. Leo imebidi niandike maana kichwa kimejaa, na hapa nyumbani kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha na hospitali siitaji, mengine yote ni kama nilivyoyaona kwa macho yangu.

Nipo Tabora mjini, nauza asali Mtendeni. Kaka yangu mkubwa, tumwite Elias, ni mwanajeshi mstaafu, anaishi Gongoni na mke wake. Enzi zake alipelekwa nje ya nchi kulinda amani. Alirudi mzima, tukachinja mbuzi, tukadhani yameisha.

Alipostaafu ndipo mambo yakaanza.

Kwanza aliacha kwenda kanisani. Sisi ni Wamoravian wa ukoo mzima, kwa hiyo watu wakaanza kuuliza. Halafu akaacha kuongea. Halafu akaacha kula, yaani sahani inakuja ya moto inarudi ya baridi. Unamsimulia habari anakuangalia tu, sio kwa dharau, ni kama upo mbali naye sana.

Hospitali wakasema ni sonona, depression. Alipewa vidonge, vikabadilishwa, vikabadilishwa tena. Aliongezewa pia mshauri wa kuongea naye. Hakuna kitu.

Siku moja akamwambia shemeji, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye akiondoka duniani wao watapumzika. Tangu hapo shemeji hakumwacha peke yake hata dakika. Alifunga genge lake. Akienda kuoga ananipigia simu nije nikae na kaka. Niliogopa wakuu, sijawahi kuogopa vile.

Ndipo daktari wa afya ya akili, dada mmoja mdogo tu kiumri, akatuita na kutueleza habari ya ketamine.

Mimi nikaingia Google, na hapo ndipo nilipojichanganya kabisa. Ukurasa mmoja unasema ni dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji. Mwingine unasema vijana huko Ulaya wanaitumia disko. Mwingine una picha ya farasi, eti ni dawa ya mifugo. Nikafunga simu.

Daktari akasema: "Ni dawa ileile tunayowapa wanaopasuliwa. Kwake tutatumia kidogo, kwa drip, taratibu, presha tunaiangalia muda wote na mtu wa usingizi yupo pembeni. Sio kila mtu inamfaa, na siwaahidi itamponya. Akiwa kwenye drip anaweza kuongea vitu vya ajabu. Msishtuke, na tafadhali msimhoji."

Shikeni hilo neno, msimhoji.

Kwetu baba alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho ni la Shangazi Milembe, dada yake baba. Akaja kutoka kijijini, akamkagua daktari juu mpaka chini.

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Mzaramo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Loo, mtani! Basi tumekwisha, umekuja kutuulia mtu wetu."

"Mtu mwenyewe Mnyamwezi, mbeba mizigo, atakufa na drip ndogo hii?"

Shangazi akacheka, akakubali. Kwa wasiojua, utani wetu na Wazaramo ni wa tangu babu zetu wanabeba pembe kwenda pwani. Mtani anakwambia lolote na hununi.

Kaka mwenyewe aliulizwa kama anataka. Akasema, "Fanyeni." Akasaini.

Drip ya kwanza haikuwa na lolote. Alilala akitazama dari, akaamka akasema ana kichefuchefu.

Ya pili ndiyo iliyoleta huu uzi.

Ilikuwa asubuhi, tupo ndani mimi, shemeji na Shangazi. Nesi alikuwa anaandika vipimo vyake. Dawa ikaendelea kuingia, na mara Elias akaanza kuongea. Sauti ilikuwa nzito, ya polepole, kama mtu anayeongea akiwa kisimani. Mwanzoni hatukuelewa kitu.

Shangazi akainuka. Akavua kandambili, akapiga magoti pale kwenye vigae vya hospitali, akapiga makofi taratibu vile wanavyopiga wazee wetu, akatoa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka."

Wakuu, huyu ni mama mzee wa kanisa. Lakini kwetu mgonjwa akibadilika sauti, anayesalimiwa sio mgonjwa tena. Unamsalimia aliyekuja, unamuuliza jina na shida yake. Hata mimi niliyesoma nilijikuta nimevua kofia!

"Wewe ni nani, baba?"

Elias akajibu, amefumba macho. "Ramadhani."

Shangazi akatugeukia. Kwenye ukoo wetu hakuna Ramadhani hata mmoja. Lakini shemeji alikuwa ameshika mdomo. Akaninong'oneza kwamba Ramadhani ni rafiki yake Elias, kijana wa Ujiji, walienda pamoja kule nje. Hakurudi.

"Unataka nini kwetu, Ramadhani?"

Akajibu, "Nimechoka. Nataka kukaa."

"Kaa, baba. Hapa ni kwako. Kaa."

Elias akashusha pumzi ndefu sana, machozi yakamtoka pembeni. Nesi naye akashtuka, akatutoa wote nje.

Dawa ilipoisha nikamuuliza kaka anakumbuka nini. Akasema, "Nilimsikia Shangazi ananiuliza maswali. Nikamjibu ili anyamaze."

Nikamuuliza, sasa kwa nini umejibu Ramadhani?

"Sijui."

Hapo mimi nifanyeje?

Jioni ileile akala. Hakula kidogo, alikula. Kesho yake akanyoa ndevu. Nilifurahi mpaka nikagawa asali bure kwa majirani wa duka.

Shangazi akaitisha kikao cha familia. Hoja yake ilikuwa fupi. "Mgeni amekuja, tumemkaribisha, amekaa. Sasa hiyo drip nyingine ya kumwita tena ni ya nini? Mnataka kumwinua mtu aliyekwisha kukaa?"

Nani angembishia? Mtu alikuwa anakula! Drip iliyofuata hatukwenda, na simu za hospitali hatukupokea. Vidonge navyo Shangazi akavisukumia uvunguni.

Wiki haikuisha vizuri. Sahani zikaanza kurudi. Kisha asubuhi moja shemeji akampata Elias anagawa nguo zake kwa wapita njia, shati moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayefunga duka. Shemeji alinipigia, akasema njoo sasa hivi.

Nikampigia daktari. Nilitegemea matusi, na tulistahili. Akaniuliza swali moja tu, "Yupo na mtu sasa hivi?" Nikasema ndiyo. Akasema anakuja.

Alifika Gongoni, akakaa kwanza na Elias peke yao. Alipotoka akamkuta Shangazi uani, amekunja uso, yupo tayari kwa vita. Kwetu binti wa umri ule hamkosoi mzee, hata awe daktari wa ikulu.

Daktari akajishika kiuno.

"Kweli nyie Wanyamwezi mmeharibika! Babu zenu walibeba mzigo kutoka hapa mpaka kwetu baharini. Mimi nimekupeni mzigo mmoja, mmeutua kabla hata hamjavuka mji!"

Shangazi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Mtani, nilidhani tumefika," akasema.

"Hamjafika, Shangazi. Dawa hii inasaidia halafu inashuka, ndio maana tunairudia. Huyo Ramadhani siwezi kukwambia ni mzimu au si mzimu, mimi nimesomea akili. Ninachojua yumo kichwani mwa Elias, na Elias anahitaji kumzungumzia akiwa macho, na mtu aliyefundishwa kusikiliza."

Shangazi mwenyewe ndiye aliyechukua kanga na kusema twendeni.

Drip zikaendelea, na vidonge, na mshauri. Shangazi aliruhusiwa kuingia kwa sharti la kutofungua mdomo. Alikaa pale midomo imebanwa kama mtoto aliyekatazwa pipi. Ramadhani hakuja tena. Elias alikuwa anatazama dari tu, safari nyingine anatabasamu, na ukimuuliza anasema ameona rangi.

Hajapona, wakuu, nisiwadanganye. Kuna siku anarudi kule kwake na haongei. Lakini siku hizo zimepungua.

Sasa mimi sielewi. Ni dawa? Mbona alifunguka pale aliposalimiwa? Ni kusalimiwa? Mbona tulipoacha dawa akaanguka? Daktari anasema dawa. Shangazi anasema mtani amefanya kazi nzuri lakini mgeni alikaribishwa na yeye. Elias anasema, "Hata mimi nawaulizeni nyie."

Nilichojifunza ni kimoja. Mgonjwa wako akipata nafuu, usikatishe matibabu kwa sababu umeshapata maelezo yanayokuridhisha. Karibu tumpoteze kaka tukiwa tunashangilia. Na kama ndugu yako anaongelea kuondoka, au anaanza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake, kimbia hospitali.

Wataalamu wa humu, na wanajeshi mliopitia haya, karibuni mnieleweshe. Matusi kwa Shangazi sipokei.

Halafu kuna jambo moja. Juzi nimekaa na Elias uani, shemeji anachambua mboga. Kaka akatazama juu muda mrefu, akasema lile paa limeoza upande wa jikoni, mvua zikianza tutalowa wote, kwa nini hakuna anayeshughulika? Alisema kwa hasira kabisa. Shemeji akaacha mboga, akaingia ndani, akafunga mlango, nikamsikia anamshukuru Mungu.

Kwa hiyo mwenye fundi mzuri wa kuezeka aliye karibu na Gongoni aje PM. Mwenyewe anasema mvua zisitukute paa halijaezekwa.