Dirisha Nililomzibia Mama

Mke wangu alinikataza kubeba vifaa. "Fundi, tunakwenda kupumzika siku mbili tu," alisema. "Nikiona randa ndani ya hilo gari, narudi Nyamirambo kwa miguu." Nikamwambia sawa. Kisha nikalificha sanduku la vifaa nyuma ya gurudumu la akiba, nikalifunika kwa blanketi. Ndivyo nilivyo. Nina karakana Gisozi, hapa Kigali, natengeneza milango, madirisha na vitanda, na mkono wangu hautulii ukiona kazi mbovu.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Mteja wangu mmoja ana nyumba ya wageni kule kaskazini, chini ya volkano, nami ndiye niliyemtengenezea vitanda vyote. Alivipenda, akanipa vyumba viwili wikendi moja nilete familia. Mama alikuwa hajawahi kulala kwenye nyumba ya wageni maishani mwake. Alitulea ukimbizini Karagwe, Tanzania, kwenye nyumba ya udongo, na tuliporudi Rwanda alikuja na kifua kibovu na hofu moja tu, baridi. Hapa Kigali anavaa sweta mchana kweupe. Lakini nilipomwambia atalala kwenye kitanda nilichokitengeneza mimi, alikubali palepale. Nami, nisifiche, nilitaka anisifu.

Tulifika Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka bustanini, volkano hatukuiona hata ncha. Binti yangu wa miaka sita aliuliza mlima umekwenda wapi. Mama alishuka garini, akajifunga kitenge cha pili juu ya sweta, akasema, "Hii baridi ni ya kaburini."

"Mama, usiseme hivyo bwana," mke wangu alimwambia. Mimi nilicheka, peke yangu.

Mama angelala chumba kimoja na mjukuu wake. Kitanda changu kilikuwa kimekaa vizuri, mninga mtupu, hakilii hata ukikirukia. Lakini dirisha! Jamani, sijui aliyelitengeneza alijifunzia wapi. Fremu ilikuwa imepinda hadi ungeweza kupitisha kidole, na pazia lilicheza japo dirisha limefungwa. Chini ya mlango nako panya angepita bila kuinama. Mama alikaa kitandani akipulizia vidole vyake.

"Kitanda kizuri, mwanangu," alisema. "Ila upepo unanipata mgongoni."

Hiyo "ila" iliniuma. Nikaenda kwenye gari nikatoa sanduku. Mke wangu aliliona, akasonya, akasema, "Shauri yako," akaenda kutafuta chai. Nilifanya kazi zaidi ya saa nzima. Nilipiga randa, nikapachika vipande vyembamba vya mbao kuzunguka fremu, nikasindilia sponji iliyobaki kwenye makochi ya watu. Chini ya mlango nikagongomea ubao wenye sponji vilevile. Nilipomaliza niliufunga mlango, nikawasha kiberiti karibu na dirisha, na mwali ukasimama wima, hautikisiki.

"Mnaona?" nikawaambia mama na binti yangu. Mama akanipigia makofi.

Baada ya chakula mvua ikaanza, mvua ya mlimani, nzito na baridi. Mama alisema vidole vya miguu havisikii kitu. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye sura ya upole, akaja na imbabura, lile jiko la mkaa, imejaa makaa mekundu. "Tunawekeaga wageni kila siku, mukecuru," alimwambia mama, yaani bibi. "Hakuna shida."

Alikuwa anasema kweli. Miaka yote waliwawekea wageni makaa na hakuna aliyedhurika, kwa sababu dirisha lile bovu lilikuwa linaingiza hewa. Yeye hakujua limezibwa. Aliyejua ni mimi, na nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Nikaona jiko ni zito kwake. Nikalishika upande mmoja, tukaliingiza pamoja.

Mama na mjukuu wakajifunika kulala. Mimi na mke wangu tukakaa barazani na chai, tunatazama mvua. Hazikupita dakika nyingi binti yangu akatoka, viatu mkononi, amekunja uso.

"Baba, kichwa kinagonga."

"Ni huu mlima, ndivyo unavyowafanya watu wa Kigali," nikamwambia. "Rudi ulale na bibi, ukiamka kitakuwa kimepona. Na ufunge mlango, usimwingizie bibi baridi."

Ni mtoto mtiifu. Alirudi akaufunga, nao ukaingia kwenye fremu kwa ule mlio laini ninaoupenda. Nikaendelea na chai yangu. Hapo ndipo ninaposhindwa kujisamehe, hata leo.

Sijui ulipita muda gani. Mke wangu aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa upande wa ukuta. "Mbona simsikii mama?"

Mama anakoroma. Tangu nikiwa mdogo najua yuko hai kwa kukoroma kwake. "Kitanda kizuri hicho," nikamtania. "Kimemnyamazisha."

Hakucheka. "Fundi, mama yako hakoromi."

Ndipo nikaukumbuka ule mwali wa kiberiti, ulivyosimama bila kutikisika. Niliukimbilia mlango nikausukuma, haukusogea. Ubao wangu wa chini ulikuwa umelowa kwa mvua ya barazani, umevimba, umekwama. Nikapiga bega. Nikapiga tena huku natukana, najitukana mwenyewe, mpaka kazi yangu ikang'oka na misumari yake.

Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na joto tu, joto zuri, na makaa yakiwaka bila sauti. Binti yangu alikuwa chini, ameanguka katikati ya kitanda na mlango. Mama alikuwa amelala chali, uso umetulia. Mke wangu alimnyakua mtoto. Mimi nilimbeba mama mpaka kwenye majani, nikamlaza mvuani, nikamwita. "Mama! Mama!" Mtu mzima mimi, nalia kama siku aliyoniacha sokoni Karagwe.

Mtoto alitapika, kisha akalia. Mama hakuamka. Mke wangu aliendesha gari, mimi nimempakata mama kiti cha nyuma, tukashuka mpaka kituo cha afya. Walimwekea oksijeni. Jua lilikuwa karibu kuzama alipofumbua macho, akagusa kitenge chake.

"Mbona mmenilowesha?" akauliza.

Hatukumwambia. Anaamini kifua kilishindwa na mlima. Mke wangu alinitaka nimweleze mwenyewe, nikasema nitamweleza, basi ikaishia hapo. Wanawake wenzake wa kanisani wakija kumsalimia huwaambia tangu aolewe hajapata usingizi mtamu kama ule. "Mwanangu alinizibia upepo wote," anasema, ananishika mkono mbele yao, nao wananisifu.

Wiki iliyopita alitoka chumbani kwake, hapa nyumbani, amejitanda blanketi. "Mwanangu, dirisha langu linapitisha upepo," alisema. "Lini utanizibia kama kule mlimani?"

"Kesho, mama," nikajibu. Nimeshajibu hivyo mara nyingi.

Mke wangu alisimamisha cherehani. Binti yangu alikuwa mezani anaandika kazi ya shule. Aliinuka, akaenda akaufungua mlango wa bibi yake mpaka mwisho, akauwekea kiti usijifunge. Kisha akarudi kwenye daftari lake bila kunitazama.