Kola Iko Tayari

Mama yangu mdogo alikuwa anashona kola. Nasema kola, sisemi mashati, na laiti ningeielewa tofauti hiyo mapema, haya yote yasingemkuta. Kwa miaka kumi na nane alikaa kwenye cherehani ileile katika kiwanda cha sare za kazi. Mikono ya shati ilishonwa na mwingine, mfuko na mwingine, vifungo na mwingine kabisa, aliyekaa karibu na choo na kulalamika kila siku. Kola mia tatu na kitu zilipita mikononi mwake kwa siku. Akimaliza moja anaiweka kushoto, ananyoosha mkono wa kulia bila kutazama, na nyingine ipo.

Kiwanda kilipofungwa walipewa barua ya shukrani na mwavuli wenye nembo ya kampuni. Alikuwa na miaka hamsini na moja na mgongo ulioanza kudai haki zake. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na mpaka leo nakaa kwake, chumba cha uani. Nina kibanda cha fotokopi, nawaandikia watu barua za kuomba kazi, na kwa maneno matamu sijambo. Nikamwandikia: "Fundi cherehani mzoefu, miaka kumi na nane katika ushonaji wa mashati." Akasoma, akakuna kichwa.

"Mwanangu, mbona umeandika mashati?"

"Kwani kola inashonwa kwenye nini, kwenye viazi?"

Akacheka, akatia sahihi. Ujuaji ni wangu, aliyeumia ni yeye.

Duka la nguo lililomwita lilikuwa na vioo mpaka chini na mlinzi mlangoni. Mwenye duka, kijana nadhifu anayevaa viatu bila soksi, alimpa vipande vya shati vilivyokwisha kukatwa, akamwambia ashone, ana saa moja. Mama mdogo akavaa miwani, akakaa, na baada ya dakika chache kola ilikuwa tayari, ncha zake mbili sawasawa. Akaiweka kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa meza tupu. Akageuka, akauliza kwa heshima zote, "Anayechukua mwili wa shati ni nani?" Basi yule kijana akatoa simu mfukoni na kuanza kurekodi.

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Anaonekana akichukua mkono wa shati, anaushona nyuma mbele, anafumua, anaushona tena vilevile alivyokosea mwanzo. Sauti ya mwenye duka inasikika imebanwa na kicheko: "Shati liko wapi, mama?" Naye, jasho puani, anamjibu kama alivyozoea kumjibu msimamizi wake, "Kola iko tayari, bosi." Juu ya video kijana ameandika: "Waajiri wenzangu, hii ndiyo miaka kumi na nane ya uzoefu. Halafu wanalia hakuna ajira."

Nilioneshwa na mteja aliyekuja kutoa nakala ya cheti. Watu elfu arobaini walikuwa wameshaitazama. Mmoja aliandika, "Mpe kifungo, atakwambia si idara yake," na Mungu anisamehe, ningekuwa simjui mama huyo ningecheka. Wengine walimwonea huruma, na huruma yao ilinikera kuliko kicheko. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama wa watu aliombwa ruhusa.

Nikamficha. Simu yake ni ya vibonyezo, nikajiambia mambo ya mtandaoni ni moto wa mabua, utazima wenyewe. Siku ya nne akaenda kuomba kazi karakana moja ya ushonaji, na bahasha yake ya kaki mkononi. Binti wa mapokezi alimtazama, akaita wenzake, "Njooni, ni yeye!" Mama mdogo akaondoka hata jina hajaandikisha, akaja moja kwa moja kibandani kwangu. Akaweka bahasha juu ya mashine ya fotokopi.

"Wananiambia niseme kola iko tayari. Wamejuaje niliyoyasema kule?"

Ningefanyaje? Nikamwonesha. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaitazama mpaka mwisho.

"Nilidhani ananirekodi ampelekee mwenzake aone kazi," alisema. "Ndiyo maana nilinyoosha mgongo."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia naenda sasa hivi kumtia adabu yule kijana. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe? Wewe unayemkwepa mbwa wa jirani?" Kisha akavua miwani. "Achana naye. Mimi basi, mwanangu. Siendi tena kukaa kwenye kiti cha mtu. Nimechoka."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Alikuwa akisema mgongo umechoka, macho yamechoka, kana kwamba ni watu wengine. Yeye akairudisha miwani machoni.

"Hebu irudishe nyuma kidogo. Hapo. Isimamishe."

Hakuwa anajitazama. Alikuwa ananionesha kwa kidole mlinzi wa duka, aliyesimama mlangoni nyuma yake. Sare ya mlinzi ilikuwa imepauka, mfuko unaning'inia kwa kona moja, mikono imechanika mwishoni. Kola yake ilikuwa imesimama.

"Hiyo yangu."

"Utajuaje, mama mdogo?"

"Mtu hamjui mwanawe?" Halafu akaongeza haraka, "Mfuko si wangu. Yule wa mfuko siku zote alikuwa mbiombio."

Inawezekana ni kweli, maana walinzi wengi hapa mjini walivaa sare za kile kiwanda. Aliitazama muda mrefu, akanirudishia simu, akachukua mwavuli wake akaondoka. Bahasha aliiacha. Nikajua yamekwisha.

Kesho yake asubuhi shati langu la kazi halikuwepo kwenye kamba. Nililikuta mezani kwake, mkono mmoja umefumuliwa na kulazwa pembeni, naye ameinama na sindano, anachunguza mkono uliobaki jinsi ulivyoingia begani.

"Sasa mimi navaa nini?"

"Subiri. Leo anayechukua mwili ni mimi."

Nikakaa kifua wazi mpaka saa nne, kibanda kimefungwa, wateja wanapiga simu. Ule mkono alioushona ulinibana kwapani, kila nikiinua mfuniko wa fotokopi ulivuta mpaka shingoni. Niliporudi nyumbani nilimwambia. Akasema ameshaona alipokosea, nilivue shati aanze tena.

Jioni aliniagiza niiandike upya ile barua. Safari hii sikutia maneno matamu. Niliandika: "Fundi wa kola, miaka kumi na nane." Akaisoma, akaniomba kalamu, na chini yake akaongeza kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mikono najifunza."