Dohani ya Mwanaamina

Mwanaamina alichoma mishkaki Musoma miaka tisa, na miaka yote tisa mumewe, Hamduni, alikuwa fundi bati. Naanza na hilo msije mkadhani fundi alikosekana. Mimi Getruda nilikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na hasira yangu kwa yule mwanamume bado haijapoa.

Jiko lilikuwa chini ya upenu uliotazama barabara, ulioezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Paa lilishushwa ili mvua isizime mkaa, na pande tatu zilizibwa. Moshi ulitokea upande mmoja tu, wa barabarani, na hapo ndipo Mwanaamina aliposimama.

Mwaka themanini na tatu alipoomba dohani ya kutoa moshi juu ya paa, Hamduni alisema bati hakuna. Hakudanganya. Bati lilikuwa la kibali, na hata sabuni tuliipangia foleni. Mwanaamina akajifunga kitenge puani, akaendelea kupepea.

Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa bati, na Hamduni akawa anatengeneza dohani za hoteli hadi Bunda. Mkewe akaomba tena, mimi nikiwepo.

"Mama Yunusu, watu wanakujaga kwa harufu," alimjibu. "Moshi ukipanda juu, nani atajua tunachoma? Hilo ndilo tangazo letu."

"Tangazo lenyewe linanikohozesha, Baba Yunusu."

"Vumilia kidogo. Tupate wateja kwanza."

Wateja walikuwepo tele! Walishuka kwenye malori wakifuata pua zao, na Mwanaamina aliwatania, "Karibuni, macho nimefumba lakini nawaona." Walimpenda sana.

Kufika tisini na moja hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa. Daktari alimwambia mapafu yameharibika, moshi sasa basi. Hamduni akasema Idi ipite kwanza. Siku ya tatu ya Idi Mwanaamina alianguka kando ya jiko, kipande cha boksi cha kupepea kikiwa bado mkononi, tukambeba hospitali.

Alipokuwa wodini, Hamduni alitoboa paa, akafunga kofia ya bati juu ya jiko na bomba refu la kutolea moshi. Alianza baada ya adhuhuri. Alasiri nikamwona ananawa mikono. Kesho yake binamu yake alichoma nyama pale, moshi ukapanda wima juu ya mapaa. Wateja walikuja vilevile.

Mwanaamina alirudi nyumbani mifupa mitupu. Aliomba akalishwe upenuni, akaitazama dohani yake kwa muda mrefu.

"Imekuchukua siku ngapi?" alimuuliza mumewe.

"Mchana mmoja."

"Mmoja," alisema. Hakugomba. Aliomba tumrudishe ndani.

Alifariki Ijumaa iliyofuata. Siku ya tatu Hamduni alikuja mlangoni kwangu akilia kama mtoto, akaniuliza kama mkewe aliwahi kuniambia amemsamehe. Ningeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa huruma. Nilimwambia hakusema.