Kipande Walichokiua Mguuni Mwangu

Muuguzi alifungua bande, kitambaa cha kidonda mguuni mwangu, akarudisha kichwa nyuma. Juu ya kifundo, mahali daktari alipopanda nyama, palikuwa peusi kama muhogo uliooza majini.

"Nani alikata hapa?" akauliza.

Bwana yangu alitazama mlango. Dada yake akanitazama mimi, utafikiri wembe ulikuwa wangu.

Mpaka leo sikai nikatulia. Nikikaa, mawazo yanarudi palepale, penye wembe ule. Nasimama, nazunguka nyumba, mguu unanivuta chini, nakaa tena.

Ulianza kuvimba zamani, nikiwa bado nazaa. Kasongo sokoni vijana wa moto, wale wabeba abiria kwa pikipiki, walinicheka: "Mama, mguu huu ulipiwe nafasi yake!" Nilicheka nao, sababu kulia hakupunguzi maji. Kisha tukasikia kuna daktari, mbali, anayepasua miguu ya namna hii. Tulikwenda, mimi na bwana. Daktari alitoa matezi shingoni mwangu pamoja na nyama na mishipa yake, akayapanda mguuni, akashona mshipa kwa mshipa. Matezi ndiyo yanapitisha maji ya mwili. Ya mguu wangu yalikuwa yamekufa.

"Ngojeni miezi," alituambia. "Usiufunge kamba, usiutoboe, usiukate hata kidogo."

Tulirudi kwetu karibu na Lusangi. Mguu ulikuwa bado mnene, lakini asubuhi nilianza kuuona mfupa wa kifundo. Miaka yote sikuwa nimeuona.

Wifi yangu hakuuona. Akaja na mzee mchanjaji. Kwetu mwili ukivimba unachanjwa, unapakwa majivu ya dawa. Mimi mwenyewe nina chale mgongoni tangu utoto, sichukii wembe.

"Wifi, muganga aliyenipasua alikataza," nikasema.

"Muganga iko hapa? Alikupandia nyama, akasahau kutoboa njia. Maji itapita wapi?"

"Inapungua. Niache."

"Nikuache uoze, watu waseme ni mimi? Mushike!"

Na bwana yangu, aliyemsikia daktari kwa masikio yake mawili, akanishika mabega. "Vumilia, mama. Yaya anajua." Yaya ndiye huyo dada yake mkubwa.

Wembe ulipita juu ya mshono wenyewe, sababu pale ndipo palipovimba zaidi. Palipooza ndipo wakanipeleka kwa muuguzi.

Muuguzi aliikata ile nyama iliyokufa, akaitia katika sahani. Mguu umerudi kuwa gogo. Kidonda cha shingoni kilipona vizuri, kilipona bure.

Sasa wifi anasema kisimani: "Ile kazi ya muganga haikushika." Mimi shule sikufika mbali, lakini jicho ninalo. Ilishika. Mfupa niliuona.

Wewe bwana uliyeshika mabega, wewe wifi uliyeleta wembe, na wewe mzee uliyekata bila kuniuliza mimi mwenye mguu: nawaita mbele ya ukoo, watoto wangu wakiwapo. Mseme kwa midomo yenu nani aliiua ile nyama. Mimi niko tayari. Nani kati yenu ataanza?