Ufagio wa Restituta Mlangoni kwa Tamimu

Siku ya kwanza kumuona Restituta, alikuwa amesimama mbele ya duka la Tamimu pale Kashaulili, ufagio wa mpini mrefu begani, anagombana na mtu aliyetaka kuuazima afagie uwanja.

"Huu haujui vumbi," alisema. "Unajua zege tu."

Mimi nilikuwa nimeleta mchanga. Nikajibanza nyuma ya mkokoteni wangu.

Mama huyu alitoka Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga. Mjini alianza kwa kubeba ndoo za zege, mpaka mafundi walipoona mkono wake hautetemeki. Tangu hapo kazi yake ikawa moja: zege likiwa bado bichi anaburuta ufagio juu yake taratibu, linabaki na mistari, mtu hatelezi.

Siku ile zege lilikuwa la mteremko wa kupandia dukani, kwa ajili ya Bi Mwanaiddi, mama yake Tamimu. Mvua zilizopita aliteleza kwenye sakafu laini ya mlangoni akavunjika mguu, na hakukanyaga tena dukani. Alikaa ng'ambo ya barabara na fimbo yake, anasubiri.

Restituta alipotaka kuuvuta ufagio kuelekea barabarani, Tamimu akapiga kelele.

"Mama fundi, unanifagilia riziki nje!"

"Basi niuvutie ndani?"

"Ndani, ndiyo!"

"Na uji wa zege ufuate ufagio mpaka ndani. Utauza sukari au uji?"

Akageuka avute kwenda pembeni. Farhan wa duka la kushoto akatoka mbio. "Nuksi za Tamimu usinisukumie mimi!"

Akageukia kulia. Kule alisimama Verdiana, mama ntilie, na mwiko wake wa ugali. "Jaribu."

Jua linawaka, zege linakauka. Bi Mwanaiddi akagonga fimbo. "Nyie! Mnataka nivunjike na huu mwingine?"

Restituta akaamua: mvuto mmoja kwa Farhan, mmoja kwa Verdiana, zamu kwa zamu. Wale wawili wakachuchumaa kulinda, kama mawakala wa kura. Kazi ikaenda vizuri mpaka chini kabisa, ukabaki mvuto mmoja. Farhan hautaki, Verdiana hautaki, na hapo palipobaki laini ndipo Bi Mwanaiddi angekanyaga kwanza.

Sijui sauti yangu ilitoka wapi. "Ulete kwangu."

Nikasimama na mkokoteni mpakani kwa Verdiana. Restituta akanitazama juu mpaka chini, kisha akauvuta ufagio polepole hadi kwenye vidole vyangu. Watu wakashangilia, halafu wakakaa mbali nami.

Zege lilipokomaa, Bi Mwanaiddi alipanda mwenyewe, akaketi dukani, akaanza kumgombeza Tamimu kuhusu mizani.

Baadaye Restituta alipata kazi Sibwesa, akahamia huko moja kwa moja. Nilimpelekea mizigo yake stendi. Gari lilipowashwa akatoa kichwa dirishani, ufagio mapajani umefungwa kanga.

"Kaka Damiano, kikikupata kitu, kiwe kizuri, kiwe kibaya, nusu yangu. Ufagio niliushika mimi."