Picha Nyeusi na Nyeupe za Viongozi wa Kwaya

Leo nimeua watu wanane kwa mstari mmoja wa CSS.

Tulieni, wote wazima.

Mimi ndiye katibu wa kwaya yetu hapa Mirongo, na tovuti nimeitengeneza mwenyewe. Picha za viongozi wote wanane, yangu ikiwemo, nikazifanya nyeusi na nyeupe kwa CSS, zile amri za kupamba kurasa. Ukipitisha kipanya juu yake, rangi inarudi. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza, acheni tu.

Ila simu haina kipanya.

Asubuhi dada wa mwenyekiti wetu Mama Kulwa kafungua tovuti kwenye simu akiwa Sengerema. Kakuta picha ya ndugu yake haina rangi, jina chini. Mnajua wenyewe kwetu picha ya hivyo ni ya nani.

Saa saba kafika, kanga kiunoni, analia tangu barabarani. Kafunguliwa mlango na marehemu mwenyewe, mikono imejaa magamba ya sato.

Nikaitwa. Shikamoo yangu haikuitikiwa.

"Mama, ule ni mtindo wa kisasa," nikajitetea.

"Na huyu mbona ana rangi?" akauliza Mama Kulwa, kidole kwenye picha nyingine.

Alikuwa mwalimu wetu wa kwanza. Nilimwachia rangi kumpa heshima.

"Huyo tulimzika mwaka jana," akasema. "Sisi wazima ndio umetutangaza msiba?"

Nikafuta mstari palepale. Wote wanane wakafufuka. Akataka neno la siri la tovuti, nikampa.

Haya, niambieni kosa langu lilikuwa kubwa kiasi hicho?

Maana nimeifungua sasa hivi. Viongozi wana rangi zao, wanatabasamu.

Wapo saba.